Binti Asiye na Magoti: Kanuni, Jina na Upatanisho katika Uundaji wa Wahusika wa Mchezo wa Video

Ikisiri

Makala haya yanahakiki wahusika wa Narbacular Drop, mchezo wa video uliotungwa na wanafunzi mwaka 2005, pamoja na wahusika wa Portal, mchezo wa mwaka 2007 uliotokana nao. Hoja kuu ni kwamba mhusika wa mchezo huundwa kwanza na mipaka ya vitendo vyake, kisha na jina lake, na hatimaye na namna anavyosemeshwa. Kwa hiyo, vigezo tulivyovirithi kutoka uhakiki wa riwaya havitoshi kuupima uhusika wa namna hii. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza maswali matatu ya kumwongoza mtahini wa kazi za wanafunzi wanaosanifu upya michezo kwa Kiswahili.

1. Utangulizi

Miaka michache iliyopita nilitahini kazi ya mwanafunzi aliyeuchukua mchezo wa video wa mapigano na kuusanifu upya kwa kumweka Fumo Liongo mahali pa shujaa wake. Badala ya kumpa Liongo ngumi na upanga, mwanafunzi alimfungia gerezani na kumwachia tupa moja iliyofichwa ndani ya mkate. Mchezaji alitakiwa kukata mnyororo pale tu kelele za gungu zilipopanda huko nje, na kuacha mara zinaposhuka, la sivyo askari wangemsikia. Niliisoma kazi hiyo kwa makini, nikaandika pembeni kwamba Liongo huyu ni mhusika bapa, hana historia ya utotoni, hana mgogoro wa nafsi, na hasemi lolote linalofunua mawazo yake. Nikampunguzia alama.

Leo naamini kwamba nilikosea, na makala haya ni jaribio la kueleza kosa lilikuwa wapi. Halikuwa kosa la ukali. Lilikuwa kosa la kigezo: niliipima kazi ya utanzu mmoja kwa mizani ya utanzu mwingine. Ili kulionesha hilo bila kuitegemea kazi ya mwanafunzi ambayo msomaji hawezi kuiona, nitachunguza kazi nyingine ya wanafunzi inayofahamika sana katika historia ya michezo ya video, ambayo baadaye ilisanifiwa upya na kuwa maarufu duniani.

2. Kanuni kama sifa ya mhusika

Narbacular Drop ulitungwa na kundi la wanafunzi wa DigiPen Institute of Technology, chuo kilichoko Redmond katika jimbo la Washington, Marekani. Kisa chake ni chepesi. Binti mfalme ametekwa na pepo mbaya na kutiwa katika gereza la chini ya ardhi. Gereza hilo, kumbe, lina akili na utashi, na jina lake ni Wally. Wally ana uwezo wa kufungua malango mawili yanayounganishwa, hata anayeingia katika moja hutokea katika jingine, popote lilipo. Kwa msaada huo binti hutafuta njia ya kutoka. Kampuni ya Valve iliwaajiri watunzi hao baada ya kuuona mchezo wao, na matokeo yake yakawa Portal.

Binti huyo anaitwa Princess No-Knees, yaani Binti Mfalme Asiye na Magoti, na sababu ni kwamba hawezi kuruka. Mhakiki aliyezoea riwaya ataliona jambo hili kuwa mzaha mdogo. Hata hivyo, tukiuondoa mzaha huo, mchezo wote unaanguka. Kama binti angeweza kuruka, mashimo na kingo zingekuwa vikwazo vya kawaida vya kupitwa kwa wepesi wa vidole. Kwa kuwa hawezi, kila kizingiti kinamlazimu mchezaji kufikiri juu ya malango. Upungufu wa mwili wa mhusika ndio unaozaa msuko, na ndio unaozaa uhusiano wake na Wally, maana asiyeweza kuruka anahitaji msaada wa anayeweza kufungua njia.

Jambo hili si geni katika fasihi yetu. Liongo wa masimulizi ya pwani hadhuriwi na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Hatuambiwi mengi kuhusu nafsi yake. Tunaambiwa mpaka wa mwili wake, na usaliti wote wa mwanawe unauzunguka mpaka huo. Vivyo hivyo gerezani: anachoweza kufanya ni kuimba na kukata mnyororo, na katika mambo hayo mawili tunaijua akili yake kuliko ambavyo tungeijua kwa kurasa kumi za mawazo ya ndani. Mwanafunzi wangu alikuwa ameliona hilo. Aliigeuza sifa ya shujaa kuwa kanuni ya mchezo, akamfanya mchezaji aishi ndani ya subira ya Liongo. Mimi nilikuwa nikitafuta sentensi zinazoitaja subira hiyo.

3. Jina na upungufu

Jina la binti linastahili uchunguzi wa pekee. Watunzi wa Kiswahili wana mapokeo marefu ya majina yanayobeba sifa. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, aliwaita ndugu watatu Adili, Hasidi na Mwivu, na msomaji huijua nafasi ya kila mmoja kabla hajatenda. Katika Kusadikika kuna Karama na Majivuno. Majina hayo hutaja tabia ya kimaadili. Jina la binti wa Narbacular Drop halitaji tabia. Linataja kitendo kisichowezekana. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu jina la kimaadili humwambia msomaji namna ya kumhukumu mhusika, ilhali jina la kanuni humwambia mchezaji namna ya kutenda akiwa mhusika.

Hata hivyo, hapa pana dosari ambayo mhakiki hapaswi kuifumbia macho. Kumwita mtu kwa upungufu wake ni kumfanya upungufu huo na si kitu kingine. Kiswahili kinaijua tabia hii vizuri. Maneno kiwete, kipofu, kiziwi na kilema yamewekwa katika umbo la ki-, umbo la vitu na la udogo, ingawa upatanisho wake husalia wa watu: kiwete amefika, si kimefika. Sarufi yenyewe inashuhudia mvutano baina ya jina linalomshusha mtu na kitenzi kinachomrudishia utu wake, na leo wengi wetu huchagua kusema mtu mwenye ulemavu. Wanafunzi wa DigiPen hawakuufanyia kazi mvutano huo. Binti yao hana jina jingine, na mchezo haumpi nafasi ya kulikataa hilo alilopewa. Kazi ya mwanafunzi yenye wazo zuri la kanuni inaweza kubaki na wazo changa la utu, na mtahini ana haki ya kuyasema yote mawili.

Portal ulilitatua tatizo hili kwa njia ya mkato. Mhusika mkuu, Chell, hatajwi kwa jina na yeyote katika mchezo wa kwanza. Jina lake linapatikana katika orodha ya washiriki tu. Anaweza kuruka, na miguuni amefungwa vyuma vya kunesa vinavyomwezesha kuanguka kutoka juu bila kuumia. Ni dhahiri kwamba mguu umebaki kuwa mahali pa kanuni: kilichokuwa upungufu kimegeuka kifaa. Heshima ya mhusika imeongezeka, lakini haja yake ya mwenzake imepungua, kwani uwezo wa kufungua malango sasa umo katika kifaa anachokishika mwenyewe mkononi.

4. Mahali panaposema

Basi Wally alikwenda wapi? Jibu langu ni kwamba aligawanywa. Uwezo wake wa kufungua njia ulihamia katika kifaa. Sauti ya jengo ilihamia kwa GLaDOS, mashine inayotawala maabara anamofungiwa Chell, ambayo ni mkinzani na si msaidizi. Humwahidi mchezaji keki kwa sauti ya ukarimu, ilhali humwandalia moto. Msomaji wa masimulizi ya Liongo atakikumbuka kikoa, pale mwaliko wa kula pamoja ulipofichiwa mishale. Ukarimu wa uongo ni dhamira kongwe, na waandishi wa Portal waliitumia kwa ustadi mkubwa.

Urafiki wa Wally, kwa upande wake, uliacha pengo. Naona pengo hilo limejazwa na mchemraba wenye alama ya moyo ambao mchezaji hupewa katika moja ya vyumba vya majaribio. Mchemraba hausemi wala hautendi. Mchezaji huubeba, huutumia kama ngazi na ngao, kisha huamriwa kuutupa katika tanuri. Wengi husita. Kusita huko ni ushahidi kwamba uhusika umeundwa, ijapokuwa hakuna nafsi iliyosawiriwa. Tena kitendo hicho si pambo: tanuri ambalo mchezaji amelijua kwa kumchoma mwenzake ndilo silaha atakayoitumia dhidi ya GLaDOS mwishoni.

Hapa mwanaisimu ana neno la kusema. Msomaji makini atakuwa ameona kwamba katika aya iliyotangulia niliandika mchemraba hausemi, kisha nikaandika kumchoma mwenzake. Sikuweza kuliepuka jambo hilo. Kitenzi cha Kiswahili, isipokuwa katika maumbo machache kama yale ya hu- na ya kitenzi-jina, hudai kiambishi cha mtenda, na kiambishi hicho hutangaza kama tunayemsema ana uhai au hana. Anayetafsiri Portal lazima aamue katika kila sentensi: mchemraba umeungua, au ameungua? Mashine imekudanganya, au amekudanganya? Katika ngano zetu uamuzi ulikwishafanywa zamani. Kitu kikipewa kauli huvaa upatanisho wa A-WA. Lakini mchezo huu unaishi katika ule wakati kabla ya uamuzi, na Kiswahili kinaweza kuuonesha wakati huo kwa uwazi kuliko Kiingereza. GLaDOS angeweza kuanza kwa kuuita mchemraba kwa U-I, kisha, dakika ya kuamuru uchomwe, aseme asubiriwe, anakutazama. Herufi moja ingetosha kumfanya mchezaji awe muuaji.

Upande mwingine kuna hasara. Kiswahili hakitofautishi jinsia katika nafsi ya tatu, kwa hiyo uke wa GLaDOS ungebaki katika sauti ya mwigizaji pekee, kama ilivyo sauti ya Ellen McLain katika mchezo wa asili. Fidia yake imo katika maneno ya kuitana. Mashine inayomwita mfungwa wake mwanangu au mgeni wetu imekwisha kujitangazia cheo na mamlaka. Uchaguzi wa namna hii ni uundaji wa mhusika kwa maana kamili ya neno, na ni eneo ambalo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuwazidi waliomtangulia.

5. Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba mgawanyo wa wahusika bapa na duara hauna faida. Yanadai kwamba si mzani wa kila kitu. Anapokabiliwa na kazi ya mwanafunzi aliyesanifu upya mchezo, mtahini na aulize maswali matatu. Kwanza, mhusika anaweza nini na hawezi nini, na je, mipaka hiyo inazaa kisa au imebandikwa tu? Pili, mhusika anaitwaje na anasemeshwaje, na je, jina na upatanisho vinamjenga au vinamdunisha bila sababu? Tatu, je, kuna kitendo ambacho mchezaji anakifanya kwa kusita, na kusita huko kumetokana na nini?

Kwa maswali hayo, Narbacular Drop unafaulu vizuri swali la kwanza na kuyumba katika la pili. Portal unafaulu yote, ingawa kwa gharama ya urafiki uliokuwa kiini cha kazi ya wanafunzi. Liongo wa yule mwanafunzi, aliyesimamisha tupa kila gungu liliponyamaza, angefaulu la kwanza na la tatu. Nilimwandikia kwamba shujaa wake hana mawazo. Mawazo hayo yalikuwa yangu mimi mchezaji, kila nilipousimamisha mkono wangu kwa hofu ya kusikiwa.