Hati ya Karani Ikisomwa Tarbaj

Tuanze na jina. Shaaban Robert alipomtungia binti yake Mwanjaa utenzi wa kumuusia, hakuuita wasia wala mawaidha. Aliuita Utenzi wa Hati. Hati ni neno la mezani kwa karani: hati ya shamba, hati ya ndoa, hati ya mahakama. Ni karatasi inayosema kwa niaba ya mtu asiyekuwapo.

Na karani alikuwa kweli. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909, na tangu 1926 akawa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Alikaa forodhani miaka mingi, Pangani na kwingineko, akahamishiwa Mpwapwa, akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya na baadaye ya upimaji ardhi. Utenzi huu umo ndani ya Maisha Yangu, kitabu kilichotoka 1949. Humo anasimulia maisha yake kwa nathari, halafu nathari inasimama na kuupisha utenzi. Wapo wasomaji wanaouruka ili wawahi kisa. Wanaruka moyo wa kitabu.

Fani yake ni ya kale. Ubeti una vipande vinne vifupi. Vipande vitatu vya mwanzo vinapatana kina, na kina hicho hubadilika ubeti hadi ubeti. Cha nne hakibadiliki: kinaishia kwa -a, beti zipatazo mia. Ndiyo bahari. Mwenye kuijua fasihi ya Lamu atamkumbuka papo hapo Mwana Kupona, aliyemuusia bintiye mwaka 1858 kwa umbo hilihili. Yeye alikuwa mama mgonjwa, akimwita binti aje na wino na karatasi. Shaaban Robert naye anamketisha binti kitini aandike. Ila hapa anayesema ni baba. Amina, mkewe, alikuwa amekwisha kufariki. Baba ameingia katika nafasi ya mama, na hakulieleza hilo kwa maneno. Ameiachia fani ilieleze. Kwangu mimi hakuna tendo la ufundi linalogusa kuliko hilo katika kitabu kizima.

Utenzi huu niliusoma kwa sauti Tarbaj, kaskazini mwa mji wa Wajir, jioni moja chupa ya chai ya maziwa ya ngamia ikipita mkono kwa mkono. Kiswahili pale ni lugha ya shule, ya ofisi na ya soko. Ya nyumbani ni Kisomali. Mzee mmoja, ambaye sote tulimwita adeer, yaani ami, hakuyafuata maneno yote. Lakini kufikia ubeti wa tano alikuwa akiinua kidole kila -a iliporudi. Alikuwa ameishika bahari kabla ya kushika maana.

Sikushangaa, kwa kuwa sikio lake limelelewa na gabay, utungo wa ushairi wa Kisomali. Katika gabay sauti zinapatana mwanzoni mwa maneno, si mwishoni: mtunzi akichagua herufi moja, sharti aibebe mstari kwa mstari hadi atakapomaliza. Utenzi hufunga mlango kwa nyuma, gabay huufunga kwa mbele, na kazi ya kufuli ni ileile. Neno likidondoka, msikilizaji anajua kuna pengo. Maandishi rasmi ya Kisomali yalikuja 1972 tu, na kabla ya hapo mashairi yalisafiri vichwani mwa watu nyuma ya mifugo, kisima hadi kisima. Nikiwa Tarbaj ndipo nilipoelewa kwa nini karani aliyeshinda na mafaili na mihuri hakumwandikia bintiye barua. Barua huraruka, huliwa na mchwa, hupotea katika uhamisho, naye alihamishwa vya kutosha kulijua hilo. Kina cha -a ndio mhuri wake, nao umegongwa kwenye kila ubeti.

Fani hiyo ina gharama yake. Kila ubeti umejitosheleza, hauhitaji jirani. Wajibu kwa Mungu, kwa wazazi, kwa mume, unapita kwa mwendo mmoja, na zipo sehemu ambapo karani amemshinda baba: mambo yamepangwa kama ya kutiwa saini. Mwana Kupona ana pumzi ya mtu anayejua siku zake ni chache, na Hati haina haraka hiyo. Inapata nguvu pale Shaaban Robert anapomtazama binti mwenyewe, uzuri wa umbo na uso wake, na kumwambia kwamba uzuri huo unataka tabia ya kuandamana nao. Hapo vipande hivyo vifupi vinatosha kabisa.

Shaaban Robert alifariki 20 Juni 1962. Walimu wa Tarbaj, Wajir na Garissa, nawaomba msiwakatie wanafunzi beti mbili tatu za mtihani. Wasomeeni utenzi wote kwa sauti, kisha mwalikeni darasani mzee mmoja anayejua gabay.