Mvua ya Gene Kelly, Tone kwa Tone

Hadithi ya maziwa haifi. Wakikutana wapenzi wa sinema za zamani, hakosekani wa kusema kwamba mvua inayomnyeshea Gene Kelly katika Singin' in the Rain, filamu ya mwaka 1952, ilichanganywa na maziwa ili kamera iweze kuinasa. Kumbe kazi hiyo ilifanywa na taa. Mpiga picha Harold Rosson aliziweka nyuma ya maji, kila tone likanasa mwanga na kujitenga na giza. Mtaa wenyewe ulijengwa ndani ya viwanja vya MGM huko Culver City, California, ukafunikwa maturubai meusi ili mchana uwe usiku, na madimbwi yakachimbwa palepale miguu ya Kelly ilipotakiwa kutua. Naye Kelly alikuwa anaumwa, homa imepita nyuzi 39.

Kwa miongo kadhaa mtu aliyekaa nyumbani hakuwa na namna ya kuyaona haya. Alichokiona kilikuwa ukungu wa kijivu na mtu mwenye mwavuli. Diski ya Blu-ray iliyotolewa 2012, filamu ilipotimiza miaka 60, na ile ya 4K iliyofuata miaka kumi baadaye, zimeyarudisha matone. Kelly anaposimama chini ya bomba la paa maji yanamvunjikia usoni, sufu ya suti yake imeshaloa na kukolea rangi, na kila anapopiga teke dimbwini maji yanaruka kwa umbo lake, hayaruki kama vumbi. Uchovu hauonekani usoni mwake hata kidogo. Sasa mtazamaji anajua ulivyofichwa kwa ustadi.

Ni vizuri kukumbuka filamu za nyimbo kama hii zilivyoteswa kabla ya hapo. Kanda ya VHS ilibeba mistari 240 hivi ya picha, na kila iliponakiliwa upya kwenye deki ilizidi kuota chenga. Blu-ray ina safu 1,080 za nukta; 4K ina 2,160. Ila tatizo halikuwa ukungu peke yake. Chukua Seven Brides for Seven Brothers ya 1954, ambayo upana wa picha yake ni mara 2.55 ya kimo. Televisheni ya chogo ilikuwa na upana wa mara 1.33 tu. Ili kioo kijae, karibu nusu ya picha ilikatwa na kutupwa. Michael Kidd, aliyetunga dansi za filamu hiyo, alikuwa amewapanga wachezaji wake safu nzima katika tukio la kujenga ghala, mbao zikiruka na miguu ikipaa kutoka ncha moja ya kioo hadi nyingine. Nyumbani karibu nusu ya wachezaji walibaki ndani ya kioo, wengine wakachezea nje yake. Fundi wa televisheni alilazimika kuisogeza picha kushoto na kulia akiwatafuta, na dansi ikakosa mantiki.

Masikio nayo yalidhulumiwa, na hili liliwagusa wa huku kwetu moja kwa moja. Filamu hupigwa kwa fremu 24 kila sekunde. Mfumo wa televisheni wa PAL, uliotumika Kenya, Tanzania na sehemu kubwa ya Ulaya, ulikwenda kwa fremu 25, hivyo kanda na DVD za mfumo huo ziliiharakisha filamu kwa asilimia 4. The Sound of Music yenye dakika 174 ikamalizika kwa dakika 167. Mara nyingi sauti nazo zilipanda, pungufu kidogo ya nusu toni, na aliyekaa kwenye kinanda akijaribu kufuatisha nyimbo za Julie Andrews alijikuta haingii kwenye ufunguo wowote. Blu-ray inakwenda kwa fremu 24. Wengine wamemsikia Andrews kwa sauti yake halisi kwa mara ya kwanza wakiwa na mvi.

Lakini idadi ya nukta haimrudishi mtu yeyote. Kinachorudisha ni mikono ya mafundi, na kazi yao inaanzia kwenye kamera yenyewe.

Kamera kubwa ya Technicolor, iliyotamba kuanzia 1932 hadi katikati ya miaka ya 1950, haikupiga picha ya rangi. Ndani yake mlikuwa na mche wa kioo ulioupasua mwanga na kuupeleka kwenye mikanda mitatu ya nyeusi na nyeupe: mmoja ukanasa wekundu, mwingine kijani, mwingine buluu. Rangi zenyewe zilikuja maabara, zikapigwa moja baada ya nyingine juu ya nakala ya kupeleka sinema. Mtu aliyewahi kununua kanga ambayo chapa yake iliteleza, wekundu wa ua ukamwagikia nje ya wino mweusi, anaelewa mara moja hatari iliyokuwepo. Mikanda ile mitatu imesinyaa tangu siku hizo, na kila mmoja kwa kiasi chake. Ukiilaza pamoja leo, mdomo wa mwigizaji unakuwa na kivuli cha kijani na bega lake linaota mstari mwekundu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Warner Bros., ambao sasa wanamiliki filamu nyingi za zamani za MGM, walianza kutumia programu ya kompyuta inayoilinganisha mikanda hiyo fremu kwa fremu, na ndani ya kila fremu kipande kwa kipande. Singin' in the Rain ina dakika 103, yaani fremu zaidi ya 148,000, mara tatu. Na kwa filamu hiyo kulikuwa na msiba wa ziada: negativu yake asilia, yaani mikanda yenyewe iliyopita ndani ya kamera, iliteketea kwa moto. Mafundi walitegemea nakala za akiba zilizokuwa zimewekwa mahali pengine. Anayeitazama bila kuambiwa hawezi kushuku.

Hapo ndipo penye ustadi unaostahili sifa, kwa kuwa programu ikishapewa nguvu ya kufuta, haijui pa kukomea. Picha ya filamu imejengwa na punje ndogo za fedha, nazo huchezacheza kwenye kila eneo tupu: anga, ukuta, shavu. Kuna matoleo ambayo waliofuta mikwaruzo walifuta na punje, na waigizaji wakabaki na ngozi ya nta. Fundi mzuri huondoa vumbi lililoangukia mkanda baada ya siku ya kupiga picha, na kuacha kilichokuwepo siku hiyo. Maneno haya ni mepesi kuyasema. West Side Story ya 1961 inaanza na muziki wa ufunguzi juu ya mistari iliyochorwa na Saul Bass, huku rangi ya kioo ikibadilika polepole hadi mistari inapogeuka kuwa majengo ya Manhattan. Blu-ray yake ya kwanza, mwaka 2011, katikati ya rangi mbili iliingiza giza ambalo halikuwamo kwenye filamu. Lilikuwa la kitambo kidogo tu. Wapenzi wa filamu hiyo waliliona, wakapiga kelele, na diski zikabidi zibadilishwe.

Kesi ngumu zaidi ni The Wizard of Oz ya 1939. Nakala zilizoonyeshwa majumbani mwa sinema wakati huo, kwa namna zilivyochapwa, zilikuwa laini kuliko negativu. Leo negativu inasomwa moja kwa moja, na inatoa mambo ambayo mtazamaji wa 1939 hakuyaona: nyuzi za gunia usoni mwa Mtu wa Majani, ukingo wa vipodozi shingoni, waya unaoutikisa mkia wa Simba. Je, waya ufutwe? Anayesema ndiyo ana hoja, kwa sababu waliotengeneza filamu waliuacha wakijua hautaonekana. Anayesema hapana naye ana yake: waya ulikuwepo, na mtu alikaa juu huko akiuvuta. Wajuzi hawajakubaliana, na pengine ni heri.

Katika filamu hiyohiyo kuna picha moja ambapo ukali wa kisasa umekuwa baraka tupu. Dorothy anafungua mlango wa nyumba iliyobebwa na kimbunga, na kutoka kwenye rangi ya kahawia anaingia Oz yenye rangi zote. Hakuna mkato. Chumba chote kilipakwa rangi ya kahawia, na anayefungua mlango kwa mgongo ni mwigizaji wa badala aliyevaa gauni la kahawia. Anarudi nyuma kidogo, na Judy Garland, Dorothy mwenyewe, anaingia na gauni lake la buluu na nyeupe. Kwenye diski mtu anaweza kusimamisha picha na kukikagua kitasa. Kimepakwa kahawia kama vingine. Mpiga picha alikuwa Rosson yuleyule aliyekuja kuiwashia taa mvua ya Kelly miaka 13 baadaye.

Ukaribu huu unafichua hata siri za sauti. Katika My Fair Lady ya 1964, Rex Harrison alikataa kuigiza kwa kufuatisha wimbo uliorekodiwa kabla, akaimba papo hapo mbele ya kamera kwa kipaza sauti kidogo kisicho na waya kilichofichwa ndani ya tai. Ukishajua hivyo, macho hayabanduki kwenye tai zake. Audrey Hepburn, aliyesimama naye, sehemu kubwa ya nyimbo zake iliimbwa na Marni Nixon, ambaye filamu haikumtaja, kama ambavyo hakutajwa alipomwimbia Natalie Wood katika West Side Story. Picha ikiwa safi, midomo ya Harrison na ya Hepburn inaonekana ikifanya kazi mbili tofauti: mmoja anapumua katikati ya neno, mwingine anapumua akipenda. Uso wa Nixon mwenyewe umo kwenye The Sound of Music, akiwa mtawa Sophia.

My Fair Lady yenyewe ilikuwa imechakaa kiasi kwamba mwaka 1994 Robert Harris na James Katz waliikarabati upya ili isipotee. Blu-ray ya 2011 ikawakera wengi kwa ubora wake duni, na mwaka 2015 Harris akarejea kusimamia toleo jipya kutoka kwenye negativu pana ya milimita 65.

Si kila mtengenezaji aliyewaachia wajukuu mzigo. Jacques Demy wa Ufaransa alitoa Les Parapluies de Cherbourg mwaka 1964, filamu ambayo kila neno ndani yake linaimbwa kwa muziki wa Michel Legrand, na ambamo gauni la msichana huoana na karatasi ya ukutani nyuma yake. Alitumia Eastmancolor, mkanda mmoja wenye rangi zote, rahisi kuliko Technicolor lakini unaochuja upesi na kuishia kuwa waridi. Demy alilijua hilo. Akatengenezewa nakala tatu za nyeusi na nyeupe, moja kwa kila rangi, zikahifadhiwa. Alifariki mwaka 1990, na mkewe Agnès Varda akazitumia kuirudisha filamu na rangi zake.

Pwani ya Afrika Mashariki ilizijua zaidi filamu za nyimbo kutoka India kuliko za Hollywood. Watu walijaa Majestic ya Unguja na Avalon ya Dar es Salaam, na nyimbo za Raj Kapoor zilikuwa midomoni mwa watu wasiojua Kihindi. Kule India swali la pa kukomea liliulizwa kwa sauti kubwa zaidi. Mughal-e-Azam ya K. Asif, iliyotoka 1960, ni ya nyeusi na nyeupe kwa sehemu kubwa, ila Madhubala anapocheza mbele ya mfalme katika ukumbi wa vioo, rangi zinalipuka. Mwaka 2004 filamu nzima ilipakwa rangi kwa kompyuta na kurudi sinema. Mlipuko ule ukapotea, kwa sababu rangi zilikuwepo tangu mwanzo. Hata hivyo Asif mwenyewe, alipoiona ile sehemu ya rangi, alitaka kuipiga filamu yote upya, wenye fedha wakakataa. Mafundi wa 2004 walimsaliti au walimtimizia?

Tarehe 28 Agosti 2025 The Wizard of Oz ilianza kuonyeshwa ndani ya ukumbi wa duara wa Sphere, Las Vegas, picha ikiwa imetanuliwa kwa akili unde kuwazunguka watazamaji, na muda ukiwa umepunguzwa hadi dakika 75 hivi. Upepo unavuma kweli wakati wa kimbunga. Anayetaka dakika zote 102, na Bert Lahr, mwigizaji wa Simba, akihangaika ndani ya ngozi ya simba wa kweli chini ya taa zile kali za Technicolor, atazipata kwenye diski ya 4K ya mwaka 2019, iliyosomwa kutoka kwenye mikanda ileile mitatu inayotunzwa George Eastman Museum, Rochester.