Gofu ni la Fundi Kusema

Chombo kilichotelekezwa ufukweni hadi mbao zikaachana huitwa gofu, sawa na nyumba iliyobaki kuta. Mkweche ni kitu kingine: mkweche bado unatembea, hata kama ni kwa kelele na kwa dua. Kwenye mialo ya Bukoba na Muleba, toka Nyamkazi hadi visiwa vya Bumbire na Kerebe, mpita njia akiona mtumbwi umelala ubavu hukimbilia kusema umekwisha. Asubiri fundi aje.

Fundi huupitia ubao kwa ubao, akigonga kwa nyundo na kutega sikio. Ubao mzima hulia. Uliooza hutoa sauti iliyofubaa. Akitilia shaka, huchoma kwa ncha ya kisu. Ziwa Victoria halina wale wadudu watoboao majahazi baharini. Adui huku ni maji ya mvua, na Mkoa wa Kagera haunyimwi mvua. Mtumbwi usiochotwa maji huozea chini, kwenye mkuku, yaani uti wa chombo, na kwenye mataruma, yaani mbavu zake. Jua nalo lina lake: chombo kikikaa sana nchi kavu, mbao hunywea na maungio hufunguka.

Ubao mbovu hubanduliwa, mpya ukachongwa ufuate mkunjo wa jirani yake. Kisha kalafati. Pamba husokotwa, ikashindiliwa katika maungio kwa patasi butu, pigo jepesi baada ya jingine. Ikipungua, maji yatapita. Ikizidi, mbao zitasukumana na misumari ilegee. Kipimo hicho hakiandikwi popote. Hukaa mkononi, na mkono wenyewe hukomaa kwa miaka ya kumshikia fundi mwingine pamba. Kwangu mimi hiyo ni elimu kamili, ingawa haina cheti.

Umri wa chombo si hoja. Meli ya MV Victoria iliundwa Uskoti, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza safari mwaka 1961. Mwaka 2014 ilisimama, na wengi wakaihesabu chuma chakavu. Mafundi wakaifumua na kuifunga mitambo mipya Mwanza. Mwaka 2020 ikarudi Bukoba, karibu na miaka 60 tangu ianze. MV Bukoba ilikuwa changa kwake kwa mbali, lakini tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba na Kemondo na abiria kupita kiasi, ilizama karibu na Mwanza. Zaidi ya watu 800 walikufa.

Fundi mwaminifu ana kazi nyingine ngumu kuliko kuziba: kukataa. Mkuku ukishaoza, hata mwenye mtumbwi aongeze fedha, jibu ni kung'oa misumari na kuzigawa mbao kuni za kukaushia samaki. Nawe unayevuka kwenda visiwani, kabla ya kuuliza nauli, uliza mtumbwi umekalafatiwa lini, na nani.