Hakimu au Mwendesha Mashtaka?

Neno linaweza kuwa sahihi katika kamusi likawa kosa mahakamani. Tunalisema hili kwa sababu ya mazoea tuliyoyaona katika tafsiri za mambo ya sheria ya Burundi: istilahi ya Kifaransa hupelekwa kwanza kwenye Kiingereza, kisha ndipo iletwe kwenye Kiswahili.

Tuchukue neno la Kifaransa "magistrat". Katika utaratibu ambao Burundi iliurithi kutoka kwa Wabelgiji, neno hili huwajumuisha watu wawili: anayeketi kuamua shauri, na afisa wa dola anayemshtaki mtu. Mfasiri mwenye haraka huandika "magistrate" kwa Kiingereza, kwa kuwa maneno hayo yanafanana. Lakini "magistrate" wa Kiingereza ni mwamuzi wa mahakama za chini tu. Nasi Tanzania humwita hakimu, tukiliweka neno jaji kwa Mahakama Kuu na zilizo juu yake. Basi mkulima wa Itaba, aliyeitwa Gitega kuhojiwa na mwendesha mashtaka, ataandikiwa kwamba amehojiwa na hakimu. Msomaji wa Ngara, ng'ambo ya mpaka wa Muyinga, atadhani kesi imekwisha kusikilizwa, kumbe haijafika hata mlangoni. Kiingereza sahihi cha afisa yule ni "public prosecutor".

La ajabu ni kwamba Kirundi hakina utata huo. Anayeamua huitwa "umucamanza", yaani mkata mashauri. Anayeshtaki huitwa "umushikirizamanza", yaani mfikisha mashauri. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kukosa kuusikia humo undugu na msemo wetu wa kukata shauri. Kwa nini basi tuzunguke kwa Kifaransa na Kiingereza, na hali jirani amekwisha kututenganishia maana?

Jambo hili si la wanasheria peke yao. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Mkataba wa Jumuiya wa 1999 uliiwekea Mahakama ya Arusha lugha ya Kiingereza. Mwaka 2014 Burundi ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi kando ya Kirundi na Kifaransa. Mwaka 2021 Tanzania ilitunga sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zake. Lugha zote hizi sasa zinakutana juu ya meza moja, na anayeumia zinapogongana ni yule asiyejua hata moja ya zile za kigeni.

Hatukatai Kiingereza, tunataka kiwe sahihi. Twawaomba walimu wenzetu, wanapofundisha istilahi, wasianze na kuuliza "neno hili kwa Kiingereza ni nini?" Waanze na kuuliza: mtu huyu mahakamani hufanya kazi gani? Kazi ikijulikana, jina halitapotea.