Kumshika mukono haitoshi

Bandugu, tunajisifu bure. Mwanafunzi asiyeona akifika kwenye mlango wa fakilte, mtu anamrukia: «Leta mukono, yaya, nikupeleke!» Anamvuta mbio mpaka kwenye bilo, anamuacha hapo. Roho ni nzuri, lakini kesho yule mwanafunzi akija peke yake hajui njia. Siku mtihani unahamishiwa oditoryo ingine na wa kumvuta hayuko, anakosa mtihani. Mwaka unaenda bure.

Kufundisha njia kuna utaratibu wake. Unaanza na alama moja isiyohama, kama mlango wa kuingilia. Mwanafunzi anafuata ukuta kwa mgongo wa mkono, vidole vimekunjwa kidogo ili visiumie. Anahesabu milango, anasikiliza sauti inavyobadilika kulwari ikipanuka, anasikia upepo wa kwenye ngazi. Chumba anakizunguka kwanza kando ya ukuta, kisha njo anakikata katikati. Mwisho, anarudi mlangoni peke yake. Na anayemuongoza anatoa kiwiko chake kishikwe, anatangulia nusu hatua. Hasukumi mtu.

Ile fimbo nyeupe ndefu pia ina mbinu yake. Richard Hoover aliitengeneza kuanzia 1944 katika hospitali ya Valley Forge, Marekani, kwa ajili ya askari waliopoteza macho vitani. Ni miaka 80 na zaidi.

Mutasema tunakosa sheria? Kongo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015. Kifungu cha 24 kinataja Braille na, papo hapo, ufundi wa kujielekeza na kutembea. Kisha tukapata Sheria 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022. Lakini tukiongea juu ya majengo, mawazo yetu yanaishia kwenye rampa. Rampa ni ya lazima, ila haimwambii asiyeona kama bilo ya sekretere ni mlango wa ngapi.

Sisi wahitimu wa Lubumbashi tunaweza kuomba vitu vidogo: asubuhi mbili kabla ya masomo kuanza, za kutembeza mwanafunzi mpya na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, namba za milango zinazosomeka kwa vidole, mabenchi yasiachwe kwenye kulwari, na oditoryo ikibadilishwa, atangaziwe mapema, kwa sauti, hapana kwa karatasi ya ukutani. Hapo njo atafika mwenyewe.