Daftari Bila Mdai

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunapoandika insha kuhusu fedha za umma, wengi wetu huifanya methali hii kuwa hitimisho: hesabu ziwekwe wazi, na upotevu utakoma. Katika insha hii ninaihakiki imani hiyo kwa kutumia kisa cha Uganda ambacho hutajwa mara nyingi katika mijadala ya bajeti za wilaya. Hoja yangu ni kwamba daftari halimwokoi mtu asiye na nguvu ya kudai. Halmashauri inayotaka kuamua kwa ushahidi haina budi kuwatafuta kwanza wale wasiolalamika.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1996 ulifanyika uchunguzi katika shule 250 za msingi za serikali. Kumbukumbu za fedha zilizotolewa na serikali kuu zililinganishwa na kumbukumbu za fedha zilizopokelewa shuleni kati ya mwaka 1991 na 1995. Fedha hizo zilikuwa ruzuku ya kila mwanafunzi, mbali na mishahara ya walimu, na zilipitia wilayani. Ilibainika kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ndiyo iliyofika. Shule nyingi hazikupata hata senti. Baada ya hapo serikali ilianza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani taarifa za fedha zilizopokea. Uchunguzi wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku hiyo ilikuwa inafika. Ritva Reinikka na Jakob Svensson, waliochapisha matokeo hayo, walieleza kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali magazeti yanapouzwa zilinufaika zaidi.

Ni habari njema, nami sina nia ya kuipunguza. Mzazi aliyekuwa akichangishwa fedha za chaki huku ruzuku ya chaki ikiishia wilayani alikuwa anadhulumiwa, na ni takwimu zilizoifichua dhuluma hiyo. Hata hivyo, jinsi kisa hiki kinavyosimuliwa ina kasoro tatu.

Kwanza, gazeti limepewa sifa zote. Mwaka 2007 Paul Hubbard alionyesha kwamba mabadiliko mengi yalitokea katika kipindi hichohicho. Elimu ya msingi kwa wote ilianza mwaka 1997, ruzuku ikaongezewa masharti, na usimamizi kutoka serikali kuu ukakazwa. Tangazo la gazeti lilikuwa na serikali nyuma yake. Halmashauri inayobandika karatasi ukutani bila kuwa na mtu wa kuwajibishwa imeiga tangazo tu, ikaiacha nguvu iliyolifanya tangazo hilo lisikilizwe.

Pili, wastani unaficha watu. Asilimia 13 haikugawanyika sawa. Watafiti haohao waligundua kwamba shule za jamii zenye uwezo zaidi zilipata sehemu kubwa ya haki yao, kwa kuwa ziliweza kuwabana maofisa wa wilaya. Kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha kisa chote, ingawa hutajwa kwa nadra. Mwalimu mkuu mwenye wazazi wasomi alijua anachostahili, akakifuata. Mwenzake wa kijijini hakujua, wala hakuwa na nauli ya kwenda kuuliza. Basi wilaya ikipanga bajeti kwa kufuata malalamiko iliyoyapokea, itakuwa inampa zaidi aliyekwisha kupata. Ukimya wa shule unaweza kuwa dalili ya kunyimwa, si ya kutosheka.

Tatu, kujua kama fedha zimefika si sawa na kuamua ziende wapi. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuzifunga fedha kwa masharti, na hadi leo sehemu kubwa ya mapato ya wilaya za Uganda ni ruzuku za namna hiyo. Wizi ulizibiwa njia, lakini pamoja nao ulipungua uwezo wa diwani wa kusema, “Hapa kwetu tatizo si madawati, ni maji.” Ushahidi uliokusanywa kutoka shuleni uliipa nguvu serikali kuu kuliko ulivyoipa halmashauri.

Kasoro hii ya tatu naiona tena katika Mpango wa Maendeleo wa Parishi uliozinduliwa mwaka 2022. Katika utaratibu wake wa awali kila parishi ilitengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, iwe na watu wengi au wachache, iwe karibu na soko au mbali nalo. Kukusanya takwimu za kaya ni moja ya nguzo saba za mpango huo, lakini kiasi hicho cha fedha hakikutokana na takwimu hizo. Watetezi watasema usawa huo unazuia upendeleo, na hoja yao ina uzito: fungu lililo sawa kwa wote ni vigumu kulipindisha. Lakini fungu sawa kwa parishi si fungu sawa kwa mtu. Parishi yenye kaya maradufu inapata nusu kwa kila kaya.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo. Katika kongamano la bajeti la wilaya, kabla ya kuuliza watu wanataka nini, isomwe orodha ya shule na zahanati zote, pamoja na kile ambacho kila moja ilipokea mwaka uliopita, kwa lugha inayozungumzwa mahali hapo. Zile ambazo hazina kumbukumbu yoyote zisirukwe. Zitembelewe kabla ya diwani yeyote kupiga kura. Hilo linahitaji mafuta ya pikipiki na siku chache za ofisa mmoja, na lenyewe linapaswa kuwa na kifungu chake katika bajeti.

Nasi tunaosoma Kiswahili tuna sehemu yetu. Bajeti za wilaya zetu huandikwa kwa Kiingereza, na kumfafanulia mzazi maana ya “ruzuku yenye masharti” kwa lugha anayoijua ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya uhasibu. Daftari lipo. Anayestahili kudai bado hajasomewa.