Diski ya Harusi Huhukumiwa Matarumbetani

Mtu akiniletea DVD ya harusi nimwambie kama fundi kaifanya kazi yake, sianzi na hotuba ya mjomba. Mjomba amesimama, ukuta nyuma yake umetulia, mkono mmoja una kipaza sauti na mwingine una karatasi. Hata fundi mbovu hawezi kumharibu. Nabonyeza rimoti kwenda mbele hadi maharusi wanapoingia ukumbini: matarumbeta yamepamba moto, kina mama wanapunga leso, makaratasi ya rangi yanamwagwa, taa zinazunguka. Hapo ndipo diski husema kweli. Picha ikivunjika miraba miraba kama sakafu ya vigae, nusu ya habari nimeshaipata.

Sababu iko kwenye namna MPEG-2, lugha ya DVD, inavyobana picha. Haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi moja kamili, kisha kwa zinazofuata inaandika tu kilichobadilika, mpaka ifike fremu kamili nyingine. Katika mfumo wetu wa PAL msafara huo hauzidi fremu 15. Mjomba hubadilika midomo na mkono. Makaratasi yanayomwagwa hubadilika yote, mara 25 kwa sekunde, na nafasi ya kuandikia ni ileile.

Kabla ya kumlaumu fundi, fanya hesabu yako. Diski ya safu moja inabeba baiti bilioni 4.7. Kompyuta nyingi zitakuonyesha 4.37 kwa kuwa zenyewe huhesabu kwa mafungu ya 1,024, hujaibiwa. Baiti hizo bilioni 4.7 ni biti bilioni 37.6. Zigawe kwa saa mbili, yaani sekunde 7,200, unapata kama megabiti 5.2 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Huo ni mgao mzuri. Kwa saa tatu unabaki na 3.5, kwa saa nne 2.6. Na harusi zetu mnazijua: sendofu peke yake ina saa mbili, bado kanisani au nikahi, bado picha za bustanini, bado ukumbini mpaka watu wanasinzia. Mteja anataka vyote kwenye diski moja kwa sababu kava ni moja, fundi naye anaona aibu kukataa, matarumbeta yanageuka vigae.

Msimamo wangu ni saa mbili kwa diski, zikizidi ichomwe ya pili. Diski tupu haijawahi kumfilisi mtu. Wala usikimbilie upande wa pili ukasema basi harusi fupi ipewe kila kitu. DVD inaruhusu picha ifike megabiti 9.8 kwa sekunde, lakini diski ya kuchoma nyumbani ikiendeshwa huko juu kwenye deki iliyochoka, picha huanza kukwama. Mimi sivuki 8.

Kwa harusi zinazohamishwa kutoka kwenye kanda kuna mlango wa dharura ambao mafundi wengi hawaujui. Picha ya kawaida ya DVD ya PAL ni vitone 720 kwa 576, lakini kanuni zinaruhusu pia 352 kwa 576. Kanda ya VHS yenyewe, hata ikiwa mpya, ina undani wa mistari kama 240 tu kwa upana. Ukiiweka kwenye 352 unapoteza kidogo sana, na zile megabiti 2.6 sasa zinahudumia nusu ya vitone. Kwa kanda ya saa nne, ile ya E-240, picha itatoka laini kidogo bila kuvunjika. Macho husamehe ulaini. Vigae hayavisamehi.

Mwulize pia fundi kama programu yake ilipita mara moja au mara mbili. Ikipita mara mbili, safari ya kwanza inatazama kazi yote na kujua pagumu ni wapi. Safari ya pili inamnyang'anya mjomba na kuyapa matarumbeta. Ikipita mara moja kwa kiwango kisichobadilika, mjomba anakalia megabiti asizozihitaji.

Sasa uko ugonjwa mwingine ambao watu huuchanganya na wa vigae, nao hauponi hata ukiongeza megabiti. TV za kichogo hazikuchora picha yote kwa mkupuo. Zilichora mistari ya witiri, 1, 3, 5, kisha zikarudi juu kujaza ya shufwa; nusu-picha 50 kwa sekunde zikafanya fremu 25. VHS imerekodi hivyo, na kamera za MiniDV zilizotawala harusi baadaye zimerekodi hivyo. Swali ni nusu ipi inatangulia. MiniDV hutanguliza mistari ya chini. Vifaa vingi vya kuingizia VHS kwenye kompyuta hutanguliza ya juu. Ukiiambia programu kinyume, kila anayesogea atakwenda mbele, atarudi nyuma, atakwenda tena, mara hamsini kwa sekunde.

Mimi nilianza kwa kuharibu. Kanda ya kwanza kuihamisha ilikuwa ya shangazi yangu, harusi ya zamani ya ukoo, kutoka miaka ile ambayo Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni (vilianza 1994) na mwenye TV sebuleni alikuwa ameinunua kwa ajili ya deki. Nikachoma, nikaenda kwake kwa mbwembwe, tukaketi. Wazee waliokaa walitulia vizuri. Ngoma ilipoanza, shangazi akasogeza kiti.

“Mwanangu, hawa walikuwa na homa?”

“Hapana shangazi, ni kanda imezeeka.”

Nilimdanganya. Kanda ilikuwa nzima, mistari ndiyo niliyoipanga kinyume. Tangu siku hiyo dalili naijua kwa mbali: aliyetulia ametulia, anayecheza anatetemeka. Ukiiona, usikubali maelezo ya uzee wa kanda. Mwambie fundi abadilishe mpangilio mmoja tu na achome upya.

Lakini usimwonee. Ukisimamisha picha hiyohiyo kwenye kompyuta, pembeni mwa mkono unaopunga utaona mistari kama meno ya kitana. Hayo ni ya asili, ni nusu-picha mbili za nyakati mbili zikionekana pamoja, na ukiiweka diski kwenye deki na TV yanapotea. Yakibaki hata kwenye TV, hapo kuna kosa: mtu aliipunguza au kuikuza picha kwa kwenda juu bila kutenganisha nusu zake, na meno yamepikwa ndani. Hayatoki tena, arudi kwenye kanda. Wapo pia wanaojisifu kwamba wao “husafisha” mistari kabla ya kuchoma. Wengi wao wanakupunguzia mwendo kutoka hatua 50 kwa sekunde hadi 25, na ngoma inakuwa nzito kama wachezaji wamevaa gambuti. DVD inajua mistari ya witiri na shufwa tangu kuzaliwa kwake. Waiache.

Sauti nayo ina kipimo chake, na ni rahisi kuliko picha. Tafuta mahali watu wanapopiga makofi, au fimbo ya mpiga ngoma inaposhuka. Tazama mwanzoni mwa diski, katikati, na mwishoni. Ikiwa sauti imechelewa na kiasi ni kilekile kote, kasoro ni ndogo: fundi aisogeze mara moja, basi. Ikiwa mwanzoni iko sawa na mwishoni padri anafumba mdomo huku bado anasema amina, kasoro ni ya mwendo. Mara nyingi kompyuta ilizidiwa wakati wa kuingiza kanda ikaangusha fremu, sauti ikaendelea. Kwa klipu za simu sababu huwa nyingine: simu hairekodi kwa mwendo thabiti, mara fremu 30, mara 27, kutegemea mwanga, na programu iliyodhani ni 30 muda wote hupotea njia polepole. Dawa ni kuigeuza kwanza klipu iwe na mwendo usiobadilika, ndipo ihaririwe. Kusogeza sauti hakutasaidia kitu. Utapatanisha mwanzo na kugombanisha mwisho. Na sauti ya DVD iwe ya kilohezi 48. Nyimbo za CD huja na 44.1, zinapaswa kugeuzwa kabla ya kuchanganywa.

Umbo: tafuta sinia la pilau likiwa limepigwa kutoka juu. Likiwa duara, sawa. Likiwa yai lililolala, picha ya 4 kwa 3 imetiwa alama ya 16 kwa 9 na bibi harusi amenenepeshwa bila kula. Hiyo ni alama tu ndani ya faili, hurekebishwa bila kubana upya, kwa hiyo usikubali kutozwa mara mbili.

Rangi zina mashahidi wawili kwenye kila harusi, shela na suti nyeusi, au shela na buibui. Weusi wa video ya DVD huanzia namba 16 na weupe huishia 235. Kompyuta hutumia 0 hadi 255. Fundi akichanganya mizani hiyo, moja kati ya mawili hutokea. Ama suti inakuwa ya kijivu kama imepitiwa na moshi, ama mikunjo ya shela inapotea na kubaki bonge la weupe. Angalia mikunjo. Isipoonekana, uliza kama kwenye kanda ipo. Kamera nyingine ziliunguza shela tangu siku yenyewe, na hapo hakuna wa kulaumiwa ila jua.

Chini kabisa ya picha ya VHS kuna ukanda mwembamba wa chenga unaotikisika. TV za kichogo ziliuficha nyuma ya fremu zake, TV bapa zinauanika. Fundi mwenye adabu huufunika kwa weusi. Asiye na adabu huukata na kuivuta picha ijaze, na hapo anarudi kwenye kosa la meno ya kitana.

Ndugu walioko Marekani na Kanada hutuma harusi zao kwa mfumo wao wa NTSC, vitone 720 kwa 480, fremu 29.97 kwa sekunde. Watu huzipeleka haraka kwa fundi zigeuzwe PAL. Sioni faida. Deki nyingi zinazouzwa huku husoma mifumo yote miwili na TV bapa haijali. Kugeuza 29.97 kuwa 25 kwa programu za kawaida huacha mruko mdogo kila kamera inapozunguka ukumbi, na mruko huo hautatoka. Igeuze tu kama ya kwako ni TV ya zamani inayoonyesha NTSC bila rangi, au picha ikipanda juu bila kusimama.

Diski ikikataa kabisa kusomwa, ifungue kwenye kompyuta. Ukikuta faili moja la MP4, hukupewa DVD. Umepewa flashi yenye umbo la sahani. DVD ya kweli ina folda iitwayo VIDEO_TS, ndani yake faili za VOB, IFO na BUP, na hicho ndicho deki ya kawaida inachotafuta. Zikiwamo na bado deki inakataa, huenda diski haikufungwa mwishoni mwa kuchoma, au deki hiyo haipatani na aina hiyo ya diski tupu: kuna DVD-R na kuna DVD+R, na deki za zamani huchagua.

Ikisoma vizuri halafu ikaganda kila mara dakika za mwisho, geuza diski uitazame mwangani. Data huandikwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na ukingoni ndiko kemikali hukaa vibaya kwenye diski hafifu, tena ndiko vidole hugusa. Iliyojazwa mpaka baiti ya mwisho huanzia kufa huko. Acha nafasi kidogo, choma kwa kasi ya 4 au 8 hata kama kifuniko kinaringia 16, na uiruhusu programu isome tena ilichoandika. Stika ya karatasi yenye picha ya maharusi inapendeza, lakini hukunja diski ikipata joto na kuiyumbisha ikizunguka. Andika kwa kalamu laini ya wino, upande wa juu.

Na ukienda kuchukua kazi, usikubali kuonyeshwa menyu yenye maua na muziki. Omba rimoti, nenda kwenye matarumbeta, kisha dakika tano za mwisho, kwenye TV na si kwenye kompyuta ya fundi. Halafu idai kanda yako palepale, kabla hujalipa. Diski ikifa, kutoka kwenye kanda utachoma nyingine. Kanda ikipotelea dukani, ndiyo basi.